Mafiga Tuliyopewa Buzebazeba

Juzi kwenye kikundi chetu cha akina mama hapa Ilagala alikuja binti mmoja kutoka mjini kutufundisha namna ya kuweka akiba. Binti mzuri, ana adabu, alitupa shikamoo mmoja mmoja mpaka sisi wenyewe tukachoka kuitikia. Akasema tuanze na jikoni, maana jikoni ndiko fedha zinakotorokea. Tupunguze sukari. Mafuta tupime kwa kijiko, tusimimine tu. Vile vipande vya sabuni vinavyobaki vidogo tusivitupe, tuviloweke, tuvifinyange pamoja, vitakuwa sabuni nyingine. Akatoa kopo lake akatuonyesha. Harufu ya sabuni ya mche iliyolowa ikanipanda puani, na hapo hapo nikaanza kukasirika kabla sijajua nimekasirishwa na nini. Kisha akasema, "Na wageni, bibi zangu. Mgeni asiye na taarifa naye ni matumizi yasiyo ya lazima."

Nikainuka. Sesilia, jirani yangu, akanivuta kitenge. "Keti, Bibi Nibigira. Mtoto wa watu anafundisha."

Nikamwambia, "Mwalimu wake namfahamu." Nikaenda zangu nyumbani.

Mwalimu niliyemfikiria ni Mama Stefania wa Buzebazeba, kule Ujiji, mke wa Mzee Buchumi. Amekwisha kufa siku nyingi. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitamsema, maana alipokuwa hai nilikuwa mtoto na sikupewa nafasi.

Ninyi wenzangu mliovuka ziwa mkiwa watoto mnajua tulivyokuja. Sisi tulitoka upande wa Nyanza-Lac, kule Burundi, mimi na mama, na chungu kimoja, na maharage ya mbegu ambayo mama aliyafunga kwenye pindo la nguo yake. Baba hakupanda mtumbwi. Niliambiwa amebaki kufunga mlango. Siku nyingi nilikuwa nawaza ni mlango gani huo usiofungika, kwa sababu mlango wa kwetu ulikuwa wa mabanzi, na hata mimi niliweza kuufunga kwa mguu.

Mzee Buchumi hakuwa mtu tuliyemwokota njiani. Alikuwa mchuuzi wa dagaa na mawese, na kabla ya mambo kuharibika alikuwa anavuka kuja kwetu kununua mawese, analala kwetu, anakaa mpaka biashara yake iishe. Firigisi ya kila kuku aliyechinjwa kwa baba yangu iliingia kinywani mwa Mzee Buchumi. Nakumbuka kwa sababu ni mimi niliyekuwa naipeleka, na njiani nainusa. Ndiyo maana mama aliposhuka pwani ya Ujiji hakuuliza kambi iko wapi. Aliuliza kwa Mzee Buchumi ni wapi.

Sitasema uongo, mwanzoni walitupokea. Mama Stefania alilia akamkumbatia mama yangu, wakalia pamoja, huyu kwa Kiha na yule kwa Kirundi, ambavyo ukilia vinafanana kabisa. Tukapewa stoo ya nyuma, kwenye magunia ya dagaa. Stefania, binti yao, alikuwa rika langu. Akanipa nusu ya kanga yake nijifunike. Mpaka leo nikinusa dagaa wakavu napata usingizi.

Halafu likaja jambo la bati.

Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na mtaani watu walikuwa wameanza kuezeka bati. Siku moja wakati wa kula Mzee Buchumi akanawa, akaangalia juu, akasema, "Nyumba hii inavuja pesa kabla haijavuja mvua. Kuanzia leo, kisicho cha lazima hakiingii humu."

"Na ugoro wako, Baba Stefania?" mkewe akamuuliza.

"Ugoro ni dawa ya kichwa."

"Basi na sukari ni dawa ya moyo."

"Moyo utapona wenyewe," akasema, na sukari ikaisha siku hiyo. Majani ya chai yakafuata, tukawa tunakunywa maji ya mchaichai. Kibatari kikawa kinazimwa tukiwa bado tunakula, mtu unaupapasa mdomo wako mwenyewe. Mawese yaliyokuwa yanamiminwa kwa upawa yakawa yanadondoshwa kwa kijiko, na kijiko chenyewe anakishika Mama Stefania. Kiberiti kikakatwa pia. Asubuhi nilitumwa na kigae kwa Bi Mwasiti, jirani yetu, mama mtu mzima wa Kimanyema, kuomba kaa la moto.

Bi Mwasiti hakunyima moto hata siku moja, ila alikuwa na mdomo. "Karibu, moto wa bure!" anasema. "Mwambie Mzee Buchumi akimaliza bati lake, mimi nitakuja kumwomba kivuli."

Mimi nilifurahi sana na mambo hayo. Hapo ndipo ninapojihurumia nikikumbuka. Nilikuwa nimeona kitu ambacho mtoto mdogo kama mimi anaweza kukifanya. Nikawa naokota makaa yaliyoungua nusu, nayazima kwa mchanga, nayahifadhi. Nikawa nazunguka kwenye jiwe la kufulia nakusanya vile vipande vya sabuni vyembamba kama kucha, nafinyanga tonge. Siku niliyoleta tonge langu la kwanza Mzee Buchumi alilipindua mkononi, akacheka, akamwita binti yake.

"Stefania! Wewe unaacha sabuni inayeyuka, mwenzio anajenga nyumba. Huyu Mrundi mdogo ana akili ya bati!"

Jina likaniganda. Mtaa mzima ukawa unaniita Akili ya Bati. Nikaona kweli najenga. Nikachagua mpaka mahali pangu pa kulala chini ya hilo bati, karibu na mlango wa mbele, ili baba akimaliza kufunga ule mlango wake na kuvuka, anione mimi kwanza.

Basi makato yakasogea. Yalitoka kwenye sukari na taa, yakaja kwenye sahani. Mama Stefania akawa anasema, "Mama Nibigira, ninyi mtakula kitakachobaki, watoto wa shule wawahi." Kikabaki kichwa cha samaki. Siku nyingine ukabaki mchuzi. Mimi nikadhani ni zamu yetu ya kusaidia. Nikamwambia mama kwa majivuno kabisa kwamba sisikii njaa, na yeye asisikie, bati linakaribia. Mama aliniangalia, akanifuta mdomo kwa kiganja chake ingawa mdomo ulikuwa mkavu.

Asubuhi moja Mama Stefania akatutuma mimi na Stefania korongoni tulete mawe makubwa ya kulingana, kila mmoja lake, na moja akalibeba mwenyewe. Akayapanga nyuma ya stoo, karibu na mgomba. Akamwita mama yangu.

"Mama Nibigira, kuanzia leo uwe unapika hapa. Mwanamke mzima awe na jiko lake."

Sasa lazima niseme kidogo kwa ajili ya wasiojua, ingawa wengi mnajua. Kwetu, na kwa Waha pia, maana mambo haya tunafanana, bibi arusi hupikia kwenye jiko la mama mkwe. Anapika pale siku zote mpaka siku wanayomwona ametulia, ndipo anapewa mafiga yake. Kupewa mafiga ni kuambiwa wewe si mgeni tena, wewe ni wa boma hili, ukifa tutakuzika sisi. Na yule aliyepewa hupika chungu cha kwanza akakipeleka kwa wakubwa wa nyumba kabla yeye hajaonja. Wakila, wamekubali. Na chungu hakirudi hivi hivi. Wanarudisha na unga ndani, au chumvi, au chochote, jiko lile lipate kuishi.

Mama yangu alipoyaona yale mawe matatu alipiga magoti kwenye udongo. Akapiga makofi ya taratibu ya kwetu, yale ya kumshukuru mkubwa. "Urakoze," akawa anasema, asante, asante. "Amashiga! Mwana wanje, tumepewa amashiga!" Sikuwa nimemwona na uso ule tangu tuvuke ziwa. Mama Stefania alisimama pale, mikono imening'inia. Alikuwa Muha wa kuzaliwa Kasulu, ameolewa, naye aliwahi kupewa mafiga yake. Alijua. Angeweza kusema neno hapo hapo. Alisema, "Haya, haya, inuka basi," akaingia ndani.

Mama akaoga. Akafungua pindo la nguo. Yale maharage ya mbegu, ambayo hatukuyagusa hata usiku tuliolala na maji peke yake tumboni, akayapika. Akasonga ugali wa muhogo kwa unga wa mwisho tuliokuwa nao, akaupanga vizuri, akapeleka. Nilimfuata nyuma na bakuli la maji ya kunawa. Alimpigia magoti Mzee Buchumi, akampigia magoti Mama Stefania. Hakusema mengi, alisema tu, "Jiko lenu la nyuma limewasalimu."

Mzee Buchumi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chakula. Wakanawa, wakala. Wakala wakamaliza! Nasema hivi nikiwa mwanamke mzee mwenye wajukuu: walikula mbegu za mama yangu wakamaliza, na Mzee Buchumi akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho.

"Maharage ya kwenu matamu," akasema. "Udongo wa kule mzuri."

Jioni Stefania akaleta chungu. Kilikuwa kimeoshwa kikang'aa. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akakiinamisha kidogo kwenye mwanga, akakiweka juu ya mafiga. Ndani hamkuwa na kitu. Nikamwuliza, "Unga wetu uko wapi?" Akasema labda wataleta kesho.

Baada ya hapo tukawa tunakula tulichopata wenyewe. Mama alikwenda pwani alfajiri kuanika dagaa wa watu kwenye mchanga, analipwa dagaa. Mimi nilibaki nakusanya vipande vya sabuni, maana sikujua kwamba nimefukuzwa kazi.

Wakati huo lori la serikali lilikuwa linapita mitaani kuchukua wakimbizi waliokaa kwa watu. Ilisemekana kambini mtu anapewa shamba na jembe, na chakula cha kuanzia mpaka avune. Likasimama kwetu. Mama Stefania mwenyewe ndiye aliyelipungia mkono, nilimwona. Akashuka bwana mmoja mnene na kalamu sikioni, akasalimia, akamwuliza mama, "Wewe mama ni mkimbizi?"

Mama akasema, "Hapana, mzee. Mimi nina mafiga hapa."

Yule bwana alikuwa Muha. Akatoa kalamu sikioni, akamgeukia Mama Stefania. "Ni kweli, mama? Mmempa mafiga?"

Watu walikuwa wamejaa barabarani kuangalia lori. Bi Mwasiti alikuwa mlangoni kwake na ufagio. Mama Stefania akatazama watu, akamtazama Bi Mwasiti. "Ni kweli," akasema.

"Na chungu cha kwanza mlikula?"

"Tulikula."

"Basi huyu ni wenu," bwana akasema, akapanda lori, likaenda. Nililikimbilia kidogo na watoto wengine, tukilipigia kelele. Kumbe nilikuwa nashangilia shamba letu linavyokwenda.

Jua lilipopinda, nikiwa nyuma ya ukuta natafuta makaa, nikamsikia Mama Stefania kwa Bi Mwasiti, wanachambua mchele wawili. Alikuwa anafoka.

"Lori limekuja mpaka mlangoni! Mpaka mlangoni, Bi Mwasiti! Na yeye anasema ana mafiga!"

"Si ulimpa wewe?"

"Nilimtenga! Nilitaka aone mwenyewe kwamba chungu changu hakimtoshi, atafute njia. Kumwambia toka siwezi, mzee amekula sana kwao. Tumekata sukari, tumekata taa, tumekata sabuni, wamebaki wao. Kila siku midomo miwili inanilia bati langu."

Bi Mwasiti akainamia mchele wake. Ungo ukawa unapepeta. Halafu akasema, "Mimi si wa kabila lenu, hayo ya mawe siyajui. Lakini chakula chake mlikula."

"Ningefanyaje? Nimwage?"

"Ungemrudishia chungu na chumvi."

"Chumvi yenyewe inanunuliwa!"

Nilikuwa nimeshika tonge la sabuni mkononi. Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni. Zile siku zote nilidhani ninawasaidia kukata matumizi. Kumbe matumizi yenyewe ni mimi. Lile tonge nililitupa chooni, na likipatikana leo nitalitupa tena.

Bati likaja. Mafundi wakaezeka, mtaa mzima ukaja kutazama linavyowaka juani. Lakini Mzee Buchumi alikuwa amekata na misumari, akapigilia huku na huku akaacha kwingine, na upepo wa ziwa mnaujua. Kona moja ikaanza kupigapiga. Akatafuta mawe ya kuikandamiza. Nilikuwepo. Nilimwona Mzee Buchumi, mtu aliyekula firigisi zote za baba yangu, anazunguka nyuma ya stoo, anainama, analing'oa figa la mama yangu likiwa bado na majivu, analipandisha kwenye ngazi. Akashuka, akachukua la pili.

Nikamwambia, "Mzee, hilo ni la mama."

Akasema bila kunitazama, "Mawe si yamejaa korongoni, Akili ya Bati? Kalete mengine."

Mama aliporudi kutoka pwani na dagaa wake kwenye kitenge, alikuta jiwe moja. Alisimama mbele yake. Jiwe moja halibebi chungu. Akainua macho juu ya paa, akayaona mengine mawili, meusi ya moshi juu ya bati jeupe. Nilingoja apige kelele. Nilitamani apige kelele, mtaa usikie. Akakunja mkeka wetu. Akachukua chungu. Akaenda mbele akamuaga Mama Stefania kwa magoti yake yote, akamshukuru kwa stoo, kwa maji, kwa kanga ya Stefania. Mama Stefania akamwuliza, "Mbona mnaondoka?" Eti mbona mnaondoka!

Hatukwenda mbali. Bi Mwasiti alitoka, akamnyang'anya mama mkeka, akaingiza ndani kwake kama anayegombana na mtu. Akatupikia chai ya rangi, akatia sukari mpaka nikaogopa. Nikamwambia, "Bibi, inatosha, inaisha." Akanijibu, "Iishe. Ndiyo kazi yake." Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilinikuta hapo. Nilikuwa naingoja kwa muda mrefu, niisikie inavyolia juu ya bati. Niliisikia ikitokea upande wa pili wa ukuta.

Mpwa wake Bi Mwasiti alikuwa anavua huku Ilagala, akatuleta kwa mtumbwi. Mama akapata kibarua cha kulima, baadaye akapata kipande kando ya mto Malagarasi. Maharage ya kwetu hatukuyapata tena. Tulipanda ya sokoni. Baba hakuja.

Na mama yangu, mpaka anakufa, akiulizwa ameishije baada ya kuvuka, alikuwa anasema, "Buzebazeba walinipa mafiga. Watu wazuri wale." Anasema hivyo kisimani, anasema kanisani, anasema kwa kila Mrundi aliyekuja baadaye na mzigo kichwani. Mimi nakaa pembeni nauma meno. Sikumwambia nilichosikia nyuma ya ukuta. Nilidhani hajui, na kumwambia ingekuwa kumvua nguo.

Halafu nikaolewa, hapa hapa Ilagala. Mama mkwe wangu alikuwa mkali, lakini siku ilipofika akanipangia mafiga, nikapika, nikapeleka, wakala. Kesho yake mama akaja kunitazama. Akakiona chungu changu kimekaa juu ya mawe. Akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na unga wa muhogo umejaa mpaka shingoni, na chumvi imefungwa kwenye jani la mgomba. Mama akaingiza mkono wake kwenye ule unga, akauzamisha mpaka kwenye kiwiko, akautuliza humo kama anayepima joto la mtoto.

"Chako kimerudi na kitu," akasema.

Basi. Akafunika, akapangusa mkono, akaomba maji ya kunywa. Jioni yake nikamsikia kisimani, hapo nyuma ya nyumba, anawaambia wanawake kwa sauti ile ile ya furaha, "Hata mimi kule Buzebazeba walinipa mafiga." Nilikuwa natwanga muhogo. Nilitwanga, nikatwanga, mpaka mama mkwe akatoka ndani kuniuliza ni nani nimemtia kwenye kinu.